Seti ya kupaka rangi kalipa za breki: rangi iko poa, klina yake ni utani

Nimeitumia hii seti kwenye kalipa zote 4 (yale machuma yanayobana pedi kwenye diski ya breki) kwa hiyo nasema nilichokiona kwa macho yangu. Kwenye boksi kuna kikopo cha rangi nyekundu, kichupa cha hadina (dawa ya kugandisha rangi), brashi moja, kijiti cha kukorogea, glavu nyembamba na kopo moja la brek klina ya kupuliza. Na kikaratasi cha maelekezo ambacho habari yote ya usafi kimeimaliza kwa mstari mmoja, eti "safisha kalipa vizuri". Vizuri ndo vipi sasa?

Rangi sina ugomvi nayo kabisa. Ukishaichanganya na hadina inabidi ufanye kazi chapchap maana inagandia kikoponi, ila inajilaza yenyewe, praima (rangi ya chini) haihitaji. Koti ya kwanza itatoka na madoadoa utajuta kuinunua, usihangaike kuiongezea, iache ishike afu ya pili ndo inafunika.

Shida ni huko nyuma kabla hata hujafungua rangi. Kalipa ya kwanza niliwaamini, nikapuliza klina yao, nikafuta na kitambaa, nikaona panang'aa nikapaka. Wiki mbili hazijaisha rangi ikaanza kubanduka vipande pale karibu na kinati cha kutolea upepo wa breki, nikavuta kimoja kwa ukucha kikatoka kama ganda la yai, kukigeuza upande wa ndani ni cheusi tii. Yaani nilikuwa nimepaka rangi juu ya uchafu, chuma chenyewe rangi haijakigusa! Vumbi la breki sio kama la barabarani, ni unga wa pedi na wa diski uliochanganyika na grisi ukaokwa na joto kila unapokanyaga breki mpaka ukawa gamba. Klina inayeyusha mafuta tu, gamba linataka kusuguliwa, na kwenye boksi hamna brashi ya waya, msasa hamna, hata masking tepu hamna.

Nikarudia upya kwa vitu vyangu. Gari juu ya stendi (jeki peke yake usithubutu), tairi nje, nikaosha kwanza kwa maji na sabuni ya vyombo ili klina isiishie kwenye matope. Sugua ukiwa umelowesha hivyohivyo, usipulize kwa kompresa, lile vumbi sio la kuvuta puani na pedi za zamani zingine zilikuwa na asbesto. Brashi ya waya kote, kwenye kutu msasa wa 120, afu 240 kulainisha, na vile vipembe vya ndani nikaingia na mswaki wa zamani. Nikakausha, ndo klina ikafuata, na hapo nikawa napima kwa kitambaa cheupe: cha kwanza kilitoka cheusi, cha pili rangi ya chai, cha tano ndo kikatoka kama kilivyoingia. Hapo ndo unapaka. Kopo lao kwa mtindo huo halikunifikisha hata kalipa mbili, nikanunua mengine makubwa pembeni.

Na kuna mambo ambayo kile kikaratasi kingetakiwa kuyaandika kwa herufi kubwa. Ile mipira inayofunika pistoni na pini usiipitishie brashi ya waya, ukiitoboa maji yanaingia na kalipa itaanza kung'ang'ania. Petroli, dizeli, mafuta ya taa, sahau, yanavimbisha mipira ya breki. Ukiifungua kalipa usiiache ining'inie kwa hozi yake, ifunge na waya pale kwenye springi. Pedi weka mbali, diski ifunike, na kwenye mipira, kinati cha upepo na zile sehemu pedi zinapotelezea piga tepu, rangi ikiingia hapo pedi zitakwama. Mafuta ya breki nayo yanakula rangi, tone moja tu la DOT 4 likikaa umeharibu, kwa hiyo hakikisha hakuna panapovuja kabla hujaanza. Na kama ulitoa pedi, ukishafunga kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu kabla gari haijasogea hata hatua moja.

Klina yao ni ile isiyo na klorini, inakauka haraka ila inashika moto kirahisi sana, kwa hiyo yule mshkaji anayekuja kukuangalia kazi na sigara mdomoni mfukuze.

Nyota 3 kati ya 5, na hizo zote ni za rangi. Ikiuzwa yenyewe bila hayo makorokoro nachukua tena, kalipa 3 nilizosafisha kwa mkono wangu tangu mwanzo zimepiga mvua, matope na presha ya maji ya kuoshea gari hazijabanduka popote, na ile ya kwanza niliyorudia nayo imetulia. Nyota moja nimetoa kwa ajili ya klina, nyingine kwa ajili ya ile brashi maana inanyonyoka manyoya. Nimebakiwa na unywele mmoja umegandia katikati ya kalipa ya mbele kushoto, kila nikiosha ringi nauona.