Huduma ya faiba ya nyumbani Ntinda: maandalizi ya anwani za IPv6

Nimetumia huduma hii ya intaneti ya faiba nyumbani kwangu Ntinda, Kampala, kwa miezi minane, na kilichonifanya niandike ni jinsi wanavyowaandaa wateja kuhamia anwani za IPv6, yaani aina mpya ya namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Anwani za zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu iliyokuwa ikigawiwa kanda mbalimbali ilikwisha Februari 2011. Ndiyo maana kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hali iliyonizuia kwa muda mrefu kuifikia moja kwa moja kamera ya getini nikiwa kazini.

Fundi aliyekuja alifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani), akawasha IPv6, kisha akanionyesha kwenye simu yangu anwani ndefu yenye herufi, tarakimu na nukta pacha. Kabla ya kuondoka alihakikisha kwamba kinga ya ruta inazuia maombi yasiyoalikwa kutoka nje, jambo la lazima kabisa, kwa kuwa sasa kila kifaa kina anwani yake. IPv4 haikuzimwa, hivyo televisheni yetu kuukuu haikuathirika.

Kasoro ni moja, nami naiona kubwa: ujumbe wa kuwaarifu wateja ulikuja kwa Kiingereza kitupu kilichojaa istilahi, na mama mkwe wangu, anayeishi Bweyogerere na kutumia huduma hiyo hiyo, alidhani ni wa matapeli, akaufuta. Ruta yake haiijui IPv6, na mpaka leo hakuna aliyempigia simu kumweleza kwamba anaweza kubadilishiwa.