Uzoefu wangu: taa ya injini iliyowaka siku tatu baada ya gari kutoka gereji

Nilipeleka gari langu gereji kwa kazi mbili: kubadilisha plagi zote sita, na kubadilisha gasketi za vifuniko vya valvu, ambazo zilikuwa zimeanza kuvujisha oili hadi kwenye matundu ya plagi. Kazi ilichukua siku moja. Oili iliacha kuvuja, injini ikawa inawaka mara moja, na fundi alinionyesha plagi za zamani zilivyokuwa zimeliwa. Ni haki niliseme hilo kabla ya mengine, kwa kuwa nilichoagiza kilifanyika. Tathmini yangu inahusu hitilafu iliyozuka ndani ya siku tatu, ambayo gari halikuwa nayo kabla ya siku hiyo, na jinsi gereji ilivyoipokea.

Dalili ya kwanza niliihisi kwenye foleni. Gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma, mizunguko ilipanda na kushuka ingawa mguu wangu haukugusa pedali ya mafuta, na mtikisiko ulifika hadi kwenye usukani. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilipokanyaga mafuta na kushika mwendo, mtikisiko ulipotea kabisa, kana kwamba gari halikuwa na tatizo lolote. Siku ya tatu taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi. Iliwaka bila kupepesa, na hilo lilinipa nafuu kidogo, kwa maana taa inayopepesa huashiria kwamba injini inamisi, yaani mafuta hayawaki ipasavyo ndani ya silinda, kwa kiwango kinachoweza kuunguza katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye mfumo wa kutolea moshi, na gari la namna hiyo halipaswi kuendelea kuendeshwa.

Sikumpelekea fundi mwingine. Niliandika tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi na hali ambazo mtikisiko ulijitokeza, nikapiga picha ya taa, nikarudi gereji ileile kesho yake. Nilikuwa na hofu kwamba mkono wa mtu wa tatu ukishagusa injini, kila upande ungekuwa na wa kumsingizia.

Mapokezi hayakuniridhisha. Aliyenipokea alisikiliza sentensi mbili tu, kisha akasema: "Ndugu yangu, gari lilitoka hapa likiwa zima na taa ilikuwa imezimika. Hilo ni tatizo lingine." Nilikosa la kujibu, kwa sababu ni kweli taa ilikuwa imezimika. Baadaye nilielewa kwamba hoja hiyo haina uzito. Kwa hitilafu za aina hii, kompyuta ya gari kwa kawaida haiwashi taa mara ya kwanza inapoona kasoro. Huihifadhi, na huwasha taa kasoro hiyohiyo ikionekana tena katika safari inayofuata. Kwa hiyo kasoro inaweza kuzaliwa ndani ya gereji na taa ikawaka ukiwa umeshafika nyumbani. Natamani mtu yeyote anayeketi kwenye kaunta ya gereji alijue jambo hili, maana mteja asiyelijua huondoka akiamini kwamba bahati mbaya ndiyo iliyomfuata njiani.

Walipima gari kwa kompyuta, wakanionyesha misimbo miwili: P0171 na P0174. Yote miwili husema kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko inavyostahili. Wa kwanza ni kwa safu ya kwanza ya silinda na wa pili ni kwa safu ya pili, kwa kuwa injini yangu ni ya V6, yaani yenye silinda sita katika safu mbili, na kila safu ina sensa yake ya oksijeni, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Fundi kijana aliamua kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Alibadilisha moja, akafuta misimbo, nikalipa. Mtikisiko haukuisha hata siku ile, na baada ya siku mbili taa iliwaka tena ikiwa na misimbo ileile.

Hapo ndipo niliposoma kwa makini ankara ya kazi ya kwanza, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema. Iliorodhesha plagi sita, gasketi mbili za vifuniko vya valvu, na saa za kazi. Katika injini yangu, kama ilivyo kwa injini nyingi za V6 zilizolazwa kwa upana wa gari, plagi tatu za nyuma hazifikiki mpaka sehemu ya juu ya manifodi ya kuingizia hewa ivuliwe. Sehemu hiyo hukaa juu ya gasketi yake, na gasketi hiyo haikuwamo kwenye ankara. Maana yake ni kwamba ile ya zamani, iliyokwisha kukauka kwa joto la miaka, ilirudishwa.

Niliporudi mara ya tatu niliomba kuonana na fundi mkuu, na ninashukuru kwamba nilikubaliwa bila mabishano. Sikumwambia cha kufanya. Nilimwekea ankara mezani pamoja na karatasi yangu ya dalili, nikamuuliza: "Fundi, sensa mbili za safu mbili tofauti zinaweza kufa siku moja, siku tatu baada ya manifodi kuvuliwa?" Alisoma karatasi yote, akaomba ufunguo.

Alichokifanya ndicho kilichopaswa kufanyika tangu mwanzo. Aliunganisha kompyuta, lakini hakuishia kwenye misimbo; alitazama kiasi cha mafuta ambacho kompyuta ilikuwa ikiongeza ili kusawazisha hewa. Petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta. Hewa ikipenya baada ya kipimo cha hewa, yaani sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, kompyuta haina habari nayo, hivyo inanyunyiza mafuta pungufu. Sensa za oksijeni huona upungufu huo na kuripoti ukweli, kompyuta ikaongeza mafuta hadi kufikia ukomo wake, kisha ikawasha taa. Gari likiwa limesimama, nyongeza ilikuwa asilimia 24 katika safu zote mbili. Alipopandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ilishuka hadi asilimia 6. Alinieleza kwa utulivu kwamba ufa mdogo huonekana mkubwa pale injini inapovuta hewa kidogo, na humezwa pale inapovuta nyingi, na ndiyo maana mtikisiko ulikuwa ukipotea barabarani. Kisha alizima injini, akaingiza moshi wa kupimia kwenye njia ya hewa, na ndani ya muda mfupi moshi ulichungulia kwenye kona ya nyuma ya manifodi, mahali pasipoonekana bila kioo. Manifodi ilipovuliwa, gasketi ilikuwa imejikunja katika kona hiyo na kubanwa nje ya mfereji wake.

Gasketi mpya iliwekwa na bolti zikakazwa kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa utaratibu wa kutoka katikati kwenda pembeni. Sikutozwa gasketi wala kazi. Fundi mkuu aliniomba radhi mbele ya yule kijana bila kumdhalilisha, na namna alivyolifanya hilo ilinipa heshima kubwa kwake. Kabla sijaondoka alinionyesha usomaji mpya: asilimia 2 gari likiwa limesimama. Nimeendesha zaidi ya kilomita 3,000 tangu hapo na taa haijawaka.

Nikipima huduma yao kwa jumla, ufundi upo, lakini unamfikia mteja aliyekuja na karatasi, na hilo linanisumbua. Mtu asiyejua kusoma ankara angebadilishiwa sensa ya pili, na huenda baadaye pampu ya mafuta, huku gasketi ikiendelea kuvuja. Kosa la kurudisha gasketi ya zamani naweza kulisamehe. Uamuzi wa kuuza kipuri kabla ya kukagua palipoguswa mara ya mwisho siusamehe kwa urahisi, kwa sababu ukaguzi wa moshi haukuchukua hata nusu saa. Nitarudi kwao kwa matengenezo, nikimwomba fundi mkuu kwa cheo chake, na nikitaka kila gasketi iandikwe kwenye ankara kabla kazi haijaanza.

Fedha ya sensa niliyouziwa pasipo sababu nilirudishiwa baada ya wiki mbili za kufuatilia. Sensa yangu ya awali, ambayo kwa ushahidi wote ilikuwa ikisema kweli, niliambiwa ilitupwa siku ileile ilipofunguliwa.