Bata wa Beijing: mara ya kwanza nilinuna, ya pili nikaelewa

Mara ya kwanza kula bata wa Beijing niliondoka nimenuna. Ulikuwa mgahawa wa watalii, mabasi yamejipanga nje. Bata alikatiwa huko huko jikoni, akaletwa amepoa, ngozi imelegea kama karatasi iliyoloa.

Mwezi uliofuata, mwenzangu wa chuo, mzaliwa wa Beijing, akanipeleka mgahawa mdogo wa uchochoroni, tukakaa meza iliyo karibu kabisa na tanuri. Nyie, nilikuwa bado sijala bata!

Mpishi alikuja na bata mzima kwenye kitoroli, anang'aa, na kisu kipana. Kipande cha kwanza kilikuwa ngozi tupu ya kifuani. Mwenzangu akaniambia, "Chovya kwenye sukari, ule sasa hivi." Ikapasuka mdomoni, kisha ikayeyuka. Baadaye ndipo nyama: unatandaza chapati nyembamba kama manda ya sambusa, unapaka sosi nzito tamu ya unga wa ngano uliochachushwa, unaweka bata, kitunguu cha majani na tango, unakunja.

Ngozi ile inafanyiwa kazi kubwa. Bata akishanyonyolewa hupulizwa hewa hadi ngozi iachane na nyama, humwagiwa maji yanayochemka ili ikaze, hupakwa shira ya kimea, kisha huning'inizwa akauke kwa saa nyingi. Tumboni hutiwa maji, hivyo ndani anaiva kwa mvuke huku nje anaokwa na moto. Ndiyo maana nyama haikauki. Kuni ni za miti ya matunda kama mpichi, mpea na mkunazi wa Kichina, kwa sababu hazina moshi mwingi na zinaacha harufu nzuri.

Namna hii ya kumwoka akining'inia kwenye tanuri la wazi ndiyo iliyoupa umaarufu mgahawa wa Quanjude, uliofunguliwa eneo la Qianmen mwaka 1864. Bianyifang ni wakongwe zaidi, wanajihesabu tangu 1416, na tanuri lao hufungwa: kwa desturi huwashwa mabua ya mtama mpaka kuta zishike joto, ndipo bata aingie, aive bila kuguswa na ulimi wa moto. Inasemekana mapishi yenyewe yalitoka Nanjing, yakapanda kaskazini wakati mfalme Yongle akihamishia makao makuu Beijing, kazi iliyokamilika mwaka 1421.

Mimi nachagua tanuri la wazi kwa ajili ya ngozi. Popote utakapokwenda, uliza kwanza kama bata anakatwa mbele ya meza. Wakisema hapana, tafuta kwingine. Ndugu zangu Waislamu, nendeni mtaa wa Niujie, kuna bata wa halali. Na msiinuke kabla ya kuulizia mifupa: wanaichemsha hadi supu inakuwa nyeupe kama maziwa, lakini si kila mahali wanaileta bila kuombwa.