Msaada wa sheria wa bure hapa Malindi: nyota nne, ya tano nimeibana

Wateja wangu wa cherehani wananiuliza kama ile meza ya msaada wa sheria ya Jumamosi hapa mjini ni ya kweli au ni ya kupigiana picha tu. Ni ya kweli. Nawapa nyota nne, na ya tano nimeibana kwa sababu nitakayoisema.

Nilimpeleka binti wa dadangu. Mumewe ni mtu wa boti, anapeleka watalii kwenye hifadhi ya bahari. Alimtumia talaka kwa WhatsApp, kisha akanyamaza, na pesa za mtoto wao zikanyamaza naye. Kijana aliyetuhudumia alianza kwa kutuambia yeye si wakili, ni msaidizi wa kisheria: ataeleza, atasaidia kujaza karatasi, lakini hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Nikampenda hapo hapo, maana mji huu mtu akishavaa tai tu, basi ni wakili.

"Mama, haya ni mambo mawili," akaniambia, "na kila moja lina mlango wake." Talaka ya Waislamu ni ya kwa kadhi. Ujumbe wa simu usifutwe, upelekwe huko na mashahidi, kadhi aangalie kama talaka imepita. Ikithibitishwa, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka rekodi yake ifike kwa msajili, ili kesho binti asije akaambiwa bado ni mke wa mtu. Matunzo ya mtoto nayo yana Mahakama ya Watoto, na unaweza kuanzia kwa afisa wa watoto, ambaye huwaita wazazi wote wawili wakae chini. Wakielewana, yanaandikwa.

Binti akauliza kwa woga kama atadaiwa cheti cha ndoa. Kijana akafungua Katiba ya Kiswahili, kurasa zake zimelegea kwa kufunuliwa, akamwekea kidole kwenye Kifungu cha 53 asome mwenyewe. Baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Alisoma mara ya pili kwa sauti. Kwa kina mkwewe alikuwa ameshaambiwa mtoto akitimiza miaka 7 anachukuliwa, hakuna mjadala. Jibu alilopewa: chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mahakama inatanguliza maslahi ya mtoto, na mtoto anayejieleza husikilizwa pia. Hakuna anayemchukua kwa sababu ya siku ya kuzaliwa tu.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Alitupa karatasi tuandike matumizi ya mtoto kwa mwezi: karo, nauli ya tuktuk, unga, samaki, dawa, sehemu ya kodi ya nyumba. Mimi nikataka kuongeza nguo za Idi mbili. Akacheka, akasema andikeni mnachoweza kukitolea ushahidi, na risiti na jumbe za M-Pesa mziweke pamoja. Hakimu ataangalia na kipato cha baba. Hapo ndipo nilipoona anaijua Malindi: akamuuliza binti kusi ikivuma na wageni wakipungua, yule bwana anaishi kwa nini? Tukakumbuka anavua na ana pikipiki aliyompa mtu aendeshe. Vyote vikaandikwa.

Sasa ile nyota ya tano. Viti vimepangwa bega kwa bega kama vya arusi. Ukieleza mumeo alivyokufanyia, mwenye zamu ya nyuma yako anakutikisia kichwa. Kuna dada aliyeinuka akaondoka kabla ya kufikiwa, na simlaumu. Pazia moja tu lingetosha, na kitambaa mimi nawapa. Pia karatasi wanazogawa ni za Kiingereza kitupu, wakati waliokaa pale wengi wao ni kina mama wa Maweni na Barani.

Lakini kwa kukaa bega kwa bega huko ndiko nilikosikia la mama mwingine, ambaye mwanawe alikamatwa Ijumaa jioni. Polisi wana saa 24 kumfikisha mahakamani, akaelezwa, ila saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, basi ni siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo Jumatatu. Kwa sasa aende kituoni aulize kosa ni nini na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na aombe dhamana. Dhamana ya polisi ya kuweka sahihi tu hailipiwi hata shilingi. Ikiwa ni ya pesa taslimu, adai risiti, kwa sababu pesa hiyo hurudishwa kesi ikiisha na mshtakiwa hakukwepa. Yule mama alikuwa ameshatoa elfu kadhaa mahali, na risiti hana. Akabaki anaikunja leso yake.

Ukienda, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho na nakala zake, kwani pale hakuna mashine ya kutolea nakala. Fika mapema, wanasema saa tatu, wanafungua karibu na saa nne. Na wenye kesi za mashamba msijisumbue, hizo hawazishiki. Kuna mzee alikaa foleni asubuhi nzima na hati yake kwenye bahasha, ndipo akaambiwa.