Kozi ya 18.06 ya MIT: tathmini ya mhandisi anayerudi darasani

Kama umepokea barua ya udahili wa shahada ya uzamili ya uhandisi na una miezi michache kabla muhula haujafunguliwa, usikimbilie kununua laptopu mpya. Anza na kozi ya aljebra ya mstari ya Profesa Gilbert Strang, ile yenye namba 18.06, ambayo chuo cha MIT cha Marekani kimeiweka bure kwenye huduma yake ya OpenCourseWare. Nimeimaliza yote, video, mazoezi na mitihani, nikijiandaa kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma uzamili wa uhandisi umeme. Naipa nyota tano. Ina mipaka yake pia, na nitaitaja, kwa sababu ukiijua mapema utapanga muda wako vizuri.

Mimi ni mhandisi wa matengenezo kwenye vituo vya kupoza umeme, Nyanda za Juu Kusini. Transfoma, relei, sakiti breka, betri za kituo: hiyo ndiyo riziki yangu na naipenda. Ila kazi hii haikuulizi habari za matriksi, yale majedwali ya namba yenye safu mlalo na safu wima. Miaka ikipita, kinachobaki kichwani ni kanuni tupu, yaani zidisha hapa, toa pale. Sasa fungua mtaala wowote wa uzamili wa mifumo ya umeme: mtiririko wa umeme kwenye gridi, uthabiti wa mfumo, makadirio ya hali ya gridi. Kote huko utakutana na matriksi, na mwalimu hatarudi nyuma kukusubiri. Ndiyo maana kwangu maandalizi hayakuwa tu kukusanya vyeti, barua za wadhamini na ada.

Kwanza, ni kitu gani hasa. MIT walitangaza mpango wa kuweka masomo yao wazi kwa dunia mwaka 2001, na leo kuna kozi zaidi ya 2,500. Hujisajili, hulipi, huulizwi cheti chako. Video za Strang zilirekodiwa darasani mwaka 1999, kwa hiyo picha ni za kizamani, lakini chaki inasomeka na sauti iko wazi. Mwalimu mwenyewe alianza kufundisha MIT mwaka 1962 na alitoa somo lake la mwisho Mei 2023. Kila somo linakaribia dakika 50, na yako zaidi ya 30.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa mtu aniambie mapema: ukitafuta, utakuta matoleo zaidi ya moja ya kozi hiyohiyo. Chukua lile linaloitwa 18.06SC, la mwaka 2011, lililotengenezwa kwa ajili ya mtu anayejisomea peke yake. Lina muhtasari wa kila somo kwa PDF, video fupi za wakufunzi wasaidizi wakikokotoa maswali, mazoezi yenye majibu, na mitihani mitatu pamoja na ule wa mwisho. Maswali yake yameandikwa kamili, huhitaji kitabu mkononi. Toleo la 2010 linakutajia namba za maswali yaliyo kitabuni, na kitabu cha namna hiyo kukipata huku kwetu ni gharama.

Video zote zinapakuliwa. Mimi nilizishusha kwa bando la usiku nikaziweka kwenye flashi, nikawa naangalia zamu ikitulia. Mazoezi nilichapisha steshenari, na majibu nikaandika kwenye kauntabuku kwa mkono. Hili la kuandika kwa mkono silitanii. Ukiangalia video bila kalamu utaona kila kitu ni rahisi, kwa sababu Strang anafanya kila kitu kionekane rahisi. Zoezi ndilo litakaloonyesha kama umeelewa.

Somo la kwanza lilinishika. Anaandika milinganyo miwili: 2x − y = 0 na −x + 2y = 3. Sekondari tulichora mistari miwili, tukatafuta inapokatana, basi. Naye anaichora, kisha anaiacha na kuliuliza swali upya kwa safu wima. Una vekta, yaani orodha ya namba inayochorwa kama mshale, (2, −1) na vekta (−1, 2): utachukua kiasi gani cha kila moja ili ufike kwenye (0, 3)? Jibu ni moja ya ile ya kwanza na mbili za ile ya pili. Majibu ni yaleyale, x ni 1 na y ni 2, lakini sasa unauliza kama vekta ya upande wa kulia inafikika kwa kuchanganya safu wima ulizo nazo. Kwa milinganyo miwili haionekani kuwa na maana kubwa. Kwa gridi yenye mamia ya nodi, yaani maungio ya nyaya, huwezi kuchora mistari yoyote, na hapo namna hii ya kuuliza ndiyo pekee inayobaki na maana.

Lakini kama una nafasi ya kuangalia somo moja tu, mhandisi wa umeme mwenzangu, angalia la 12. Anachora mtandao wa nodi nne na nyaya tano, kila waya una mshale wa mwelekeo. Kutokana na mchoro huo anaandika matriksi ya safu mlalo tano na safu wima nne: kila waya una −1 unapoanzia na +1 unapoishia, kwingine sifuri. Ukiizidisha na volteji za nodi unapata tofauti za volteji kwenye kila waya. Kisha anauliza: ni volteji zipi zinazotoa sifuri kila mahali? Jibu ni zile zilizo sawa kwenye nodi zote. Ukipandisha nodi zote kwa volti kumi, hakuna mkondo unaobadilika. Kwa hiyo matriksi ile haiwezi kukupa volteji zenyewe mpaka uchague nodi moja na kuiita sifuri. Akiigeuza matriksi hiyohiyo, safu mlalo zikawa safu wima, inatokea sheria ya Kirchhoff ya mikondo: kinachoingia kwenye nodi ndicho kinachotoka. Na idadi ya vitanzi huru inajitokeza yenyewe: nyaya tano, toa nodi nne, jumlisha moja, vitanzi viwili.

Chuoni tulifundishwa kwamba kwenye hesabu za mtiririko wa umeme lazima basibaa moja, yaani nodi moja ya gridi, iwe ya rejea, pembe ya volteji yake iwekwe sifuri. Tuliambiwa hivyo tukaandika hivyo. Sababu ni hiyo ya somo la 12: kinachosukuma umeme ni tofauti za pembe, na pembe zote zikipanda pamoja hakuna kinachobadilika, kwa hiyo bila rejea matriksi haina kinyume, yaani huwezi kuitatua upate jibu moja. Nilimwonyesha mdogo wangu anayesoma stashahada ya umeme. Aliangalia mpaka mwisho, akasema, "Dada, hii wangetupa mwaka wa kwanza." Nakubaliana naye kabisa.

Somo la 16 ni la njia ya miraba midogo kabisa. Nukta tatu, (1, 1), (2, 2) na (3, 2), hazikai kwenye mstari mmoja. Anatafuta mstari ulio karibu nazo kuliko mingine yote na anapata 2/3 + t/2. Uzuri wake ni kwamba hatumii kanuni ya kukariri. Anaonyesha kwamba data yako ni vekta iliyo nje ya bapa, na jibu bora ni kivuli chake kwenye bapa hilo, jua likiwa la utosini. Picha hiyo ukishaipata haikutoki.

Mzee mmoja wa zamu yetu, fundi wa siku nyingi, alinikuta nalo akaniuliza, "Mwanangu, hizo namba zitarekebisha nini hapa kituoni?" Nikamwambia: "Mzee, zile mita zetu, kila moja ina kosa lake dogo. Ukizichukua zote, nyingi kuliko unachotafuta, hazikubaliani. Hesabu hii inatafuta hali ya gridi inayokubaliana nazo zote kwa karibu zaidi." Akavuta kiti. Nilichomweleza ndiyo makadirio ya hali ya gridi, kazi ambayo Fred Schweppe, naye wa MIT, aliiandikia mwaka 1970 na ambayo leo iko kwenye vituo vya udhibiti wa gridi duniani. Msingi wake ni somo la 16, ila kila kipimo kinapewa uzito kulingana na unavyokiamini.

Masomo ya 21 hadi 23, ya thamani za aigeni (namba zinazoonyesha matriksi inazikuza au kuzipunguza kiasi gani zile vekta zinazobaki kwenye mstari uleule), yanahitaji subira. Rudia mara ngapi unataka. Yanamalizikia kwenye milinganyo ya mabadiliko, na hapo unapata kanuni ya uthabiti: sehemu halisi ya kila thamani ya aigeni iwe hasi, vinginevyo mtikisiko mdogo unakua badala ya kufa. Kwetu si nadharia ya mbali. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na gridi yetu imeunganishwa na ya Kenya kwa njia ya kilovolti 400 ya Isinya hadi Singida. Mashine kubwa zilizoungwa kwa nyaya ndefu zikitikiswa huyumba, na mtu anayekaa kuchambua kuyumba huko anatafuta thamani za aigeni.

Kitu kingine ninachokithamini ni namna anavyofundisha. Anafikiri kwa sauti, anauliza, anasubiri. Kwenye somo la 29, la kuivunja matriksi kuwa zao la matriksi tatu, mfano wake wa kwanza una safu mlalo (4, 4) na (−3, 3). Akizidisha vipande vyake kuirudisha, safu mlalo ya pili inatoka na ishara zilizogeuka. Anawaambia wanafunzi wazi kwamba kuna ishara haijakaa, na video imeachwa hivyo. Nilisimamisha nikaitafuta. Ukishachagua vekta ya upande wa kulia, ile ya kushoto huwezi tena kuichagua ishara upendavyo. Lazima uipate kwa kuizidisha matriksi na vekta ya kulia. Hapo inatoka (0, −1), na kila kitu kinakaa. Zoezi hilo lilinifundisha kuliko mfano uliokwenda sawa.

Sasa mipaka. Namba changamano, zile zenye mzizi wa hasi moja ndani yake, zina somo moja tu, la 26, na sisi watu wa umeme tunaishi humo kila siku. Somo lenyewe ni zuri, linafika hadi kwenye njia ya haraka ya Fourier, ya kuichambua ishara katika masafa yake: kwa sampuli 1,024, kuzidisha kunashuka kutoka zaidi ya milioni moja hadi kama 5,120. Ila halitoshi, tenga wiki za ziada kwa namba changamano na fesa, yaani namba changamano inayobeba ukubwa na pembe ya volteji au mkondo. Pia kozi haigusi njia ya Newton-Raphson kwa gridi, ya kukisia jibu na kulirekebisha hatua kwa hatua, wala jinsi ya kutunza matriksi kubwa ambazo karibu zote ni sifuri. Kwa hilo weka Octave kwenye kompyuta, ni programu ya bure na lugha yake inafanana sana na ya MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia, kisha kila zoezi ulilolimaliza kwa mkono ulihakiki humo. Cheti hakuna, kwa hiyo usiitafute kwa ajili ya kupamba maombi. Lugha ni Kiingereza, ingawa cha Strang ni cha taratibu na video zina maandishi chini yake.

Kwa mpangilio, ningesema hivi: masomo ya 1 hadi 12 bila kuruka hata moja, kisha 14 hadi 17, kisha 21 hadi 29. Yale matatu ya ditaminanti, 18 hadi 20, yapitie haraka kama uliyasoma vizuri shahada ya kwanza. Mitihani ifanye kwa saa, ukiwa umefunga majibu. Na wewe wa uhandisi ujenzi, uliyevumilia habari zote hizi za umeme, la kwako ni somo la 27: matriksi chanya anazozieleza pale ni za familia moja na matriksi ya ukakamavu wa fremu zako, na somo la 12 lisome vilevile, weka nondo mahali pa nyaya na vifundo mahali pa nodi.