Magodoro Matatu, Mgongo Mmoja

Godoro ninalolalia sasa ni la tatu ndani ya miaka minne. Kabla hamjaniona mtu wa anasa, niseme kwamba mawili ya kwanza niliyanunua kwa kosa lilelile: nilikwenda dukani kutafuta godoro la kunitibu. Hili la tatu nilikwenda kulitafuta nikiwa na swali dogo zaidi, na nitalifikia.

Mgongo wangu ni wa mtu wa dawati. Miaka kumi na ushei mbele ya kompyuta, kichwa kimetangulia, mabega yamekifuata, kiuno kimebonyea kwa ndani kama upinde. Nikisimama ubavu mbele ya kioo naona tumbo limetokeza mbele na makalio nyuma, na wala sijanenepa. Asubuhi ndiyo ilikuwa saa mbaya kuliko zote. Niliteremka kitandani kwa awamu: nageuka ubavu, naegemea kiwiko, nashusha miguu, kisha nakaa dakika nzima nikijipa moyo wa kusimama.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alinilaza chali ukingoni mwa meza yake, goti moja nimelikumbatia kifuani, paja la pili likiachwa lining'inie. Halikuning'inia. Lilibaki hewani kama limefungwa kamba. "Unaona, mwanangu? Msuli wa mbele ya nyonga umefupika. Ndio unaokuvuta kiuno." Kisha akayapima tumbo na makalio, akakuta vyote vimezembea. Mpangilio huo ulielezwa karne iliyopita na daktari wa Ucheki, Vladimír Janda, kwa mfano wa msalaba: mkono mmoja ni misuli iliyokaza, yaani mbele ya nyonga na nyuma ya kiuno, mkono wa pili ni iliyolegea, yaani tumbo na makalio. Juu kuna msalaba mwingine, kifua na nyuma ya shingo vimekaza, mbele ya shingo na katikati ya makombe ya mabega pamelegea. Mimi nilikuwa nimejitwisha yote miwili.

Alipomaliza kunipa mazoezi akauliza, "Unalalia nini?"

Nikajibu kwa fahari: "Gumu, Mama. Lile la mgongo." Akacheka, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Hilo gumu ndilo lililokuwa la kwanza. Nililinunua kwa sababu tangu utotoni nimesikia kwamba mgongo mbovu dawa yake ni kulala pagumu, na kwa sababu lilibandikwa neno "othopediki", yaani la tiba ya mifupa, kwa herufi kubwa. Nikadhani kuna daktari mahali fulani amelipitisha. Katika nchi nyingi neno hilo halina kipimo chochote nyuma yake. Mwenye kiwanda akitaka analiandika, asipotaka haandiki. Mimi hulala ubavu. Juu ya godoro gumu, anayelala ubavu hubebwa na nundu mbili tu, bega na nyonga, na kiuno hubaki kinaelea hewani bila wa kukishika. Bega likishindwa kuzama, husukumwa mbele, kifua kinajikunja. Yaani mchana nilifanya mazoezi ya kufungua mabega, usiku nikalala kwa muda wa saa saba nikiyafunga tena. Na mkono ulikufa ganzi karibu kila alfajiri.

Kuna utafiti nilioambiwa niusome kabla sijanunua kitu kingine. Ulifanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet: watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakapewa godoro gumu, wengine lenye ugumu wa kati, wakafuatiliwa siku 90. Waliolalia la kati ndio waliopata nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Angalizo kwa atakayetaka kuutumia dukani: kipimo chao kilikwenda 1 hadi 10, na 1 ndiyo ilikuwa gumu kabisa; la kati lilikuwa 5.6. Wauzaji wengi hugeuza, kwao 10 ndiyo gumu. Kabla hujakubaliana na namba yoyote, uliza inahesabiwa kutoka upande gani.

Sasa mngetegemea kwamba baada ya kuyasoma hayo nilinunua godoro la kati. Wapi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami sikutaka tena hata kuguswa na kitu kigumu. Nikanunua sponji ya kumbukumbu, nene, ile inayobonyea taratibu na kubaki na alama ya kiganja. Ni kitu cha werevu kwa asili yake. Ilibuniwa miaka ya 1960 katika kazi za NASA, shirika la anga la Marekani, kwa ajili ya viti vya ndege. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto. Wiki mbili za kwanza nilimsifia kila aliyenisikiliza, na ninaomba radhi kwa wale walionifuata.

Tatizo lilikuja polepole, kama sponji yenyewe. Sponji hii hulainika kwa joto la mwili, kwa hiyo pale penye uzito mkubwa, yaani nyonga, ndipo inapozidi kuzama kadiri usiku unavyokwenda. Alfajiri nilikuwa nimelala kama niliye kwenye machela: kichwa juu, miguu juu, makalio shimoni. Nikilala chali, msuli wa mbele ya nyonga, huohuo ninaopigania kuurefusha, ulikaa umekunjwa usiku kucha. Na kugeuka ilikuwa kazi ya kujikwamua matopeni. Wengi hudhani mtu hapaswi kugeukageuka usingizini. Kugeuka kunahitajika, ndiko kunakoipumzisha misuli na ngozi iliyobanwa. Godoro linalokuzuia kugeuka linakuamsha ukiwa umeganda. Nongeze kwamba lilikuwa na joto. Mume wangu alihamia ukingoni kabisa.

Lilikuwa na ruhusa ya kurudishwa ndani ya siku mia, nami nikagundua shida yangu siku ya mia na ishirini hivi. Kosa ni langu, sikuandika tarehe popote.

Basi hapo ndipo Mama wa fiziotherapia aliponipa lile swali dogo. Alisema nisiulize kama godoro litaninyosha, kwa kuwa hakuna godoro linaloweza kuimarisha msuli uliolegea. Niulize kama linaniacha nilale katika umbo lile ninalolijenga mchana. Basi. Likifanya hivyo limemaliza kazi yake, mengine ni ya mazoezi.

Nilikwenda dukani nimevaa nguo za kawaida za kubana kidogo, mto wangu mwenyewe kwapani, mume wangu na simu yake. Muuzaji alinitazama kama mwendawazimu. Kila godoro nililolalia nilikaa robo saa, si kwa kujiburudisha bali kwa sababu dakika mbili za kwanza mwili hufurahia chochote. Nikiwa ubavu, mume wangu alinipiga picha kutoka nyuma, tukatazama mstari kuanzia kisogoni, katikati ya mgongo, hadi kwenye makalio. Ukiwa umenyooka sawa na ukingo wa godoro, vizuri. Ukibonyea katikati, laini mno. Ukipanda begani na kiuno kubaki angani, gumu mno. Nikiwa chali, alipitisha kiganja chini ya kiuno changu: kikipita kwa kuteleza bila kugusa kitu, godoro halikibebi kiuno; kisipopita kabisa, nimezama; kikipita kwa kubanwa kidogo, ndilo lenyewe. Picha ndiyo iliyotusaidia zaidi. Mwili uliozoea kupinda huhisi kunyooka ni kosa, kwa hiyo hisia zangu zilikuwa shahidi asiyeaminika.

Muuzaji alishikilia jingine la bei kubwa zaidi. "Dada, hili wateja wote wenye mgongo wanachukua." Nikamwambia, kaka, kila mtu ana mgongo.

Nililochukua ni la springi za vifuko, kila springi imeshonewa mfuko wake wa kitambaa, hivyo ya begani hubonyea bila kuivuta ya kiunoni. Juu yake kuna tabaka la sentimita tano za mpira wa asili, ambao tofauti na sponji ya kumbukumbu hurudi papo hapo ukiinuka. Ugumu wa kati, ukielekea kidogo kwenye ugumu. Chini ya mpira kuna sponji ya kawaida, na hapa ndipo nilipouliza uzito wake kwa mita ya ujazo, swali lililomfanya muuzaji amwite mkubwa wake. Watu huchanganya uzito wa sponji na ugumu wake. Sponji nyepesi, tuseme ya kilo 18, inaweza kutengenezwa ngumu ukaisifu dukani, lakini hulegea mapema na kufanya bonde. Kuanzia kilo 30 na kitu ndiyo inayostahimili. Yangu imeandikwa 35.

Usiku wa kwanza sikuupenda. Wala wiki ya kwanza. Nilihisi niko juu ya kitu, si ndani yake, na misuli ya kiuno ililalamika. Niliambiwa nivumilie wiki tatu hadi nne, mwili uzoee na godoro nalo lilegee kidogo pale mwanzo, na karibu na wiki ya tatu nikaamka siku moja nikiwa nimeshasimama kabla sijakumbuka kujipa moyo.

Sitadai ni godoro peke yake. Miezi ile yote nilikuwa nanyosha mbele ya nyonga kwa kupiga goti moja chini, nainua makalio nikiwa chali, nafanya lile zoezi la magoti na mikono la kunyosha mkono na mguu wa upande mwingine, na kuvuta utepe wa mpira kuelekea mbavuni kwa ajili ya makombe ya mabega. Si asubuhi mara tu baada ya kuamka, Mama alinikataza kuinama kwa nusu saa ya mwanzo: usiku diski za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi tunakuwa warefu kwa sentimita moja hivi kuliko jioni, na ndiyo maana mgongo wa asubuhi hukakamaa.

Ambalo sikuambiwa na mtu, nililigundua mwenyewe, ni kwamba vitu vinavyolizunguka godoro hubadilika kadiri mwili unavyobadilika. Mwanzoni nililala chali na mto chini ya magoti, bila huo kiuno kilipaa. Mwezi wa tano mto ukaanza kunikera. Nikauondoa na kiuno kikatulia chenyewe. Mto wa kichwa nao ilibidi niushushe. Kichwa kilichotangulia mbele huhitaji mto mnene ukilala chali. Kikirudi nyuma, mto uleule unakisukuma tena kilikotoka. Nilipunguza pamba mara mbili. Mto wa kati ya magoti ninapolala ubavu nimebaki nao, bila huo paja la juu huanguka mbele na kuzungusha nyonga. Ningekuwa nimenunua godoro la kuendana na mwili wangu wa siku ile ya kwanza, lenye bonde la makalio yangu na mwinuko wa kiuno changu, leo lingekuwa linanivuta kinyumenyume.

Kasoro zipo. Ukingo wake ni dhaifu, ukikaa kuvaa viatu unateleza. Ni zito mno, kuligeuza kichwani kuwa miguuni kila miezi mitatu ni kazi ya watu wawili na ugomvi mmoja. Wiki ya kwanza lilinuka mpira, tukafungua madirisha. Na kwa mume wangu, ambaye ananizidi kama kilo 25, lile ambalo kwangu ni la kati kwake ni laini. Yeye anasema anaridhika, lakini nimeona anavyozama nyonga, na uzito wa wawili ungestahili mazungumzo marefu zaidi kabla ya kulipa. Kitu kingine kilichonikera hakikuwa cha godoro: chaga za kitanda chetu zilikuwa zimeachana kiganja kizima, springi zikawa zinachungulia chini. Tuliongeza chaga hadi nafasi isizidi sentimita 7, na tofauti ilihisiwa usiku uleule. Atakayelaumu godoro aanze kwa kuinua godoro.

Nikilipa alama ningelipa nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ukingo na uzito.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye ile meza. Goti kifuani, paja la pili likaachwa. Likashuka, si lote, ila likashuka. Mama akauliza, godoro vipi? Nikamwambia siku hizi huwa silikumbuki. Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea seti moja ya mazoezi ya makalio.