Uzoefu wangu: mashine ya TENS na vifuko vya Tarlov, Mtwara mjini

Nyota nne kati ya tano. Kwanza jambo ambalo wauzaji hulimezea: mashine hii, inayopitisha umeme mdogo ngozini kwa pedi, haipunguzi kifuko hata chembe. Vifuko hivi, vyenye jina la Isadore Tarlov aliyevieleza mwaka 1938, hujaa maji ya uti wa mgongo kwenye mizizi ya neva, mara nyingi ya pili na ya tatu (S2 na S3) ya mfupa ulio chini ya kiuno. TENS inatuliza maumivu tu. Watu wengi wanavyo na haviwasumbui, kwa hiyo picha ya MRI peke yake haitoshi. Daktari ahakikishe ndivyo vinavyouma.

Yangu ina waya mbili na pedi nne za sentimita 5 kwa 5. Naiweka herzi 80 hadi 100, dakika 30. Pedi mbili kila upande wa uti wa mgongo, chini ya kiuno, zisigusane. Pandisha nguvu polepole mpaka usikie mchonyoto mkali usiouma. Msuli ukianza kurukaruka, umezidisha. Usibandike penye ganzi: hutasikia ngozi ikiungua. Mwenye betri ya moyo asiiguse, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya pedi. Joto letu la pwani na mafuta ya nazi havipatani na gundi. Ukingo ukibanduka, umeme wote hukusanyika pale palipobaki na kuchoma kama sindano. Osha ngozi kwa sabuni, kausha kabisa, ndipo ubandike. Ukimaliza, rudisha pedi kwenye plastiki yake na ufunge mfuko. Gundi ikikauka, tone moja la maji kwa kidole huirudisha kwa siku chache. Kabla ya kununua za akiba, pima pini ya waya. Yangu ni milimita 2.

Mto wa kukalia wenye uwazi nyuma nao unasaidia, ila uwe wa sponji ngumu. Laini hudidimia na mfupa unagota kitini. Kukuna nazi juu ya mbuzi, hapana, hata ukiwa na mto.

Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, huongezwa taratibu na haikatwi ghafla. Kuvuta maji ya kifuko kwa sindano inayoongozwa na picha za CT nako kupo, lakini yakivutwa tu, kifuko hujaa tena. Ndiyo maana wengine huongezea gundi ya fibrini (protini inayogandisha damu) ndani ya kifuko.

Mkojo ukigoma kutoka au ganzi ikizunguka njia ya haja kubwa, zima mashine, nenda hospitali siku hiyohiyo.